Mpira wa Nyuma Kushoto

Mpira wa ekseli wa mashine namba mbili ulitoboka ndani ya banda, mashine ikiwa haijawashwa kwa siku sita. Funguo zake zilikuwa kwenye droo ya msimamizi. Dereva wake, Nesi Atupele, alikuwa ameketishwa kwenye meza ya kuandikisha wagonjwa, haendi popote, kwa sababu ya karatasi tatu zilizosema anaendesha vibaya mpaka mipira inapasuka. Karatasi zote tatu niliziandika mimi na kuzisaini mimi.

Nimeanza na hilo ili msije mkadhani mzee Kalisti anawaita awasimulie alivyokuwa hodari. Nimefanya ufundi miaka mingi hapa Sumbawanga, mwanzo kwenye malori pale Majengo, mwisho kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Kizwite kilichokuwa na pikipiki nne za magurudumu manne. Sasa nimestaafu, nalima mahindi na ulezi kidogo, na vijana wa gereji mnanijia kuuliza hili na lile. Wengi mnauliza juu ya injini. Juu ya mpira wa ekseli hamuulizi mpaka siku unapowalaza njiani.

Kwa asiyeujua, ni kile kipande cha mpira cheusi, chenye mikunjo kama ya kodiani, kinachofunika jointi mwishoni mwa ekseli. Nyie mnakiita buti. Ndani yake kuna grisi, na ndani ya grisi kuna gololi zinazoiwezesha ekseli kuzunguka huku gurudumu likipanda na kushuka. Mpira hausukumi kitu wala haubebi kitu. Kazi yake ni kuzuia grisi isitoke na mchanga usiingie. Ukipasuka, mashine itaendelea kwenda kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapo ndipo penye hatari. Grisi inarushwa nje kidogo kidogo, mchanga unaingia, maji yanaingia, gololi zinaanza kusagana. Ukikata kona unasikia ka-ka-ka. Ukishasikia hivyo, usihangaike na mpira tena, tafuta jointi nyingine.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nikodemu, fundi wa malori. Alikuwa mfupi, mpana, na alikuwa na mazoea ya kula kande akiwa amelala chini ya gari, sahani juu ya kifua. Alitukagua kwa namna moja. Alikuwa akimwambia mtu afumbe macho, anamwingiza chini ya lori, halafu anamwambia atafute ufa kwenye mpira kwa vidole. Ukitoka na kusema umeona hakuna kitu, anakurudisha. "Usiniambie umeona," alikuwa akisema. "Niambie umeshika." Mikunjo ya mpira huficha. Ufa unakaa ndani ya bonde la mkunjo, na mpira ukiwa umetulia ufa unajifunga kama mdomo wa mtu mwenye siri. Mpaka uufungue kwa vidole viwili, mkunjo kwa mkunjo, ukizungusha gurudumu pole pole, ndipo unauona.

Mimi nikaongeza jambo moja ambalo Mzee Nikodemu hakuwa nalo: daftari. Kila mashine ilikuwa na kurasa zake. Kila nilichogusa nilikiandika, na kila mpira ulioharibika niliufunga karatasi yenye namba ya mashine, upande, na safari iliyotoka kufanyika, nikautundika ukutani. Wenzangu walicheka, wakasema ukuta wa fundi Kalisti umekuwa kama duka la ndala zilizokufa. Nilijivunia daftari lile. Shikeni hilo, nitalirudia.

Zile pikipiki, watoto wa Kizwite waliziita vyura, kwa jinsi zilivyochuchumaa na kuruka. Zilikuwa za kliniki ya mkoba, yaani manesi kwenda vijijini na chanjo, mizani ya watoto na dawa chache. Namba moja, tatu na nne zilizunguka juu huku, vijiji vya uwandani. Namba mbili ilishuka ukingoni mpaka bonde la Rukwa, Mtowisa na vijiji vinavyofuata. Ndiyo safari iliyokuwa ndefu kuliko zote, na ndiyo iliyokuwa inarudi mwisho.

Atupele ni mtu wa Tukuyu, alipangiwa kazi huku akiwa bado msichana. Aliomba safari ya Mtowisa muda mrefu kabla ya kupewa, kwa sababu alikuwa amegundua kwenye kadi kwamba watoto wa wafugaji kule chini walikuwa wanapata chanjo ya kwanza na kupotea. Alipopewa, akaanza kuwafuata kwenye maboma yao. Alijua ng'ombe wanahamia wapi kiangazi na mama gani amejifungua wapi. Hayo hayakuandikwa popote, yalikuwa kichwani mwake. Mtu mwingine akipewa mashine ile angefika Mtowisa kituoni, asubiri, na wale watoto wasingekuja. Kwa hiyo kumnyang'anya Atupele funguo halikuwa jambo la pikipiki.

Sasa niwaambie njia inavyokula mipira, maana huku kwetu inakula kwa namna zake.

Huku juu adui mkubwa ni mabua. Mkulima wa Ufipa akivuna mahindi anakata bua kwa panga, mshazari, na kile kisiki kinachobaki kinakauka kikiwa kimechongoka kama mkuki. Dereva akikatiza shambani kukwepa korongo, visiki vinapita chini ya mashine vikichoma juu. Dawa yake ni ngao. Wengine wanafunga bati, lakini bati likikunjwa na jiwe ndilo linalokata mpira. Mimi nilitumia pipa la plastiki la bluu, yale ya kuhifadhia maji. Unakata kipande kirefu kama kutoka kiwikoni mpaka vidoleni, unakipasha kwa maji ya moto mpaka kilegee, unakikunja kufuata ule mkono wa chuma wa chini unaoshika gurudumu, unafunga kwa bolti mbili. Kikigongwa na jiwe kinabonyea na kurudi.

Ngao zangu za kwanza nilizibana karibu kabisa na mpira, nikijiona mjanja. Zilipoenda Mtowisa, ule udongo mweusi wa bondeni ukaingia kati ya ngao na mpira, ukakauka. Atupele aliporudi alinisalimia vizuri, akavua kofia, akasema, "Fundi, niliomba ngao, wewe umeniwekea tofali." Nilipofungua nikakuta kweli, udongo umekaa umbo la ngao, mgumu, na mpira umesuguliwa mpaka umeng'aa. Tangu hapo nikaacha nafasi ya vidole viwili, na chini ya ngao nikatoboa matundu makubwa ili tope lipite. Na nikaweka sheria kwamba tope la bondeni linaoshwa siku ile ile, kwa maji na brashi laini, kabla halijakauka.

Kule chini kuna adui mwingine: nyavu. Karibu na Ziwa Rukwa vipande vya nyavu chakavu vimetapakaa njiani na mitoni. Uzi wa nailoni ukidakwa na ekseli unajiviringisha mpaka unafika pale mpira unapofungwa na klipu, unazama kwenye ule ukingo, unakaza. Usipoutoa, safari inayofuata utaingia chini ya klipu na grisi itaanza kuvuja. Kuutoa ni kazi ya subira. Hilo nalo nitalirudia.

Na kuna adui wa tatu, ambaye nilimleta mimi.

Mnaijua baridi ya Juni hapa. Inapasua ngozi ya miguu. Tulipokuwa wadogo mama zetu walitupaka mafuta ya alizeti magotini na visiginoni kabla ya kwenda shule, na mpaka leo wako wanaofanya hivyo. Kiangazi kile cha karatasi tatu niliishika mipira asubuhi nikaiona imekakamaa kwa baridi. Nikafikiri kama mtoto wa Mfipa anavyofikiri: ngozi ikikauka, ipake mafuta. Nyumbani tulikuwa na alizeti iliyokamuliwa karibuni. Nikaja na chupa na kitambaa, nikaipaka mipira ya mashine zote nne mpaka ikawa laini na kung'aa. Na kwa sababu namba mbili ilikuwa na safari ngumu, niliipaka zaidi. Nilimpendelea Atupele.

Hiyo namba mbili ililala nafasi ya mwisho bandani, kwa kuwa ilirudi mwisho. Upande wake wa kulia ulikuwa ubavuni mwa ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta ule palikuwa na stoo ambamo watumishi walihifadhi magunia yao ya mahindi na alizeti baada ya mavuno. Mnaanza kuona. Mimi sikuona.

Mwezi wa Juni mpira wa nyuma kulia wa namba mbili ulikutwa umetoboka. Nikaandika daftarini, na kwenye karatasi ya kwenda kwa msimamizi: umechomwa na mabua, dereva amekatiza mashambani. Julai ukatoboka tena, upande ule ule. Nikaandika vilevile. Niliandika bila kumwuliza, kwa kuwa tundu lilikuwa chini ya mpira, kingo zake zimechakaa na kujaa vumbi la safari, na nilikuwa nimeona mabua yakifanya hivyo mara nyingi kwenye mashine nyingine.

Msimamizi wetu, Bwana Edsoni, alikuwa zamani mwalimu wa shule, na alikuwa amebandika ukutani amri kwamba dereva atakayeharibu mipira mitatu msimu mmoja atarudisha funguo. Siyo mtu mbaya. Mipira ilitoka mbali, ikichelewa mashine inasimama, na alitaka watu waogope. Atupele aliisoma ile amri baada ya ule wa pili, akaja gereji.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mama."

"Umeandika mabua. Mabua ya wapi?"

Nikamwambia mashamba yako kila mahali.

"Mimi mashamba nayazunguka," akasema. "Uliponiambia mipira inachomwa nikaanza kupita njia ya mifereji. Naongeza karibu saa nzima kwa ajili ya mipira yako. Halafu wewe unaandika mabua."

Nilimjibu kwamba daftari linaandika kinachoonekana. Akaenda zake. Jibu lile lilikuwa zuri wakati ule. Siku hizi nikilikumbuka nageuza uso.

Agosti ndipo likatokea kubwa. Alishuka na mashine asubuhi, kisanduku cha baridi cha chanjo kimefungwa nyuma. Akiwa ameshavuka mteremko wote, kwenye mto wa pili kabla ya kufika, jointi ya nyuma kushoto ikavunjika. Gurudumu likakwama, mashine ikasimama majini. Nani wa kumsaidia pale? Alifungua kamba, akakibeba kisanduku begani, akatembea mpaka akamkuta mfugaji mmoja mwenye mkokoteni wa ng'ombe, mume wa mama mmoja ambaye Atupele aliwahi kumchanjia mtoto. Yule bwana akageuza mkokoteni bila kuulizwa mara mbili. Walifika kwenye zahanati yenye jokofu barafu ikiwa bado haijayeyuka yote. Chanjo zilipona. Mashine ilivutwa siku iliyofuata na ng'ombe wale wale, ikaletwa juu na lori.

Niliufungua mpira wa nyuma kushoto mwenyewe. Ndani hapakuwa na grisi, palikuwa na mchanga na maji na vipande vya chuma. Na kwenye mpira kulikuwa na mkato mmoja, ulionyooka, mrefu kama kidole, ukianzia pembeni mwa klipu. Nikaandika karatasi ya tatu: umekatwa na kitu chenye makali njiani, uendeshaji. Bwana Edsoni akahesabu mpaka tatu, akamwita Atupele, akapokea funguo. Nasikia hakubishana. Aliuliza tu nani atakwenda kwenye maboma wiki ijayo, akaambiwa hilo litaangaliwa.

Nikafunga jointi mpya, mpira mpya kushoto. Na kwa kuwa ule wa kulia nao ulikuwa wa kubahatisha, nikaweka mpya vilevile. Nikaushika wote kwa vidole, mkunjo kwa mkunjo. Nikaandika: mzima. Nikaupaka alizeti. Mashine ikaegeshwa nafasi yake ya mwisho kumsubiri dereva mpya ambaye alikuwa bado hajapatikana.

Siku ya sita nikapita kufuta vumbi. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mpira wa kulia, kama Mzee Nikodemu alivyonizoesha, na kidole kikazama.

Nililala chini pale sakafuni muda mrefu. Mashine ilikuwa safi, haikuwa na vumbi la njia wala tope. Tundu lilikuwa jipya, kingo zake bado hazijasuguliwa na kitu. Na kwenye kingo zile kulikuwa na mifereji midogo, miwili miwili, imepangana kama kazi ya patasi. Mtu yeyote aliyewahi kuhifadhi mahindi anaijua alama ile. Nikaenda ukutani, nikaishusha mipira ya Juni na Julai, nikaiosha kwa sabuni, nikaigeuza ndani nje juani. Mifereji ilikuwepo. Imefifia, lakini ilikuwepo, miwili miwili.

Sikutaka kukosea mara ya nne. Jioni nikamwaga majivu sakafuni kuzunguka mashine zote. Asubuhi yalikuwa na nyayo kutoka kwenye ufa wa ukuta wa stoo mpaka chini ya gurudumu la kulia la namba mbili, zimekanyagana kama njia ya kwenda sokoni. Kwenye mashine nyingine hapakuwa na kitu, kwa kuwa zilikuwa mbali na stoo. Panya walikuwa wanakuja kula alizeti, na mpira wanaupata kama mboga.

Nikaenda kwa Bwana Edsoni nikiwa na mipira mitatu mkononi.

"Karatasi zangu mbili si za kweli," nikamwambia.

Akaweka kalamu chini. "Zimeandikwa na nani?"

"Na mimi. Waliotoboa ni panya."

"Panya."

"Ndiyo, bwana. Nilipaka mipira mafuta ya alizeti."

Akauliza taratibu, kama mwalimu anayemwuliza mtoto aliyekuja bila viatu, "Fundi Kalisti, na hao panya walikuwa na leseni?" Akainuka, tukaenda bandani. Alichuchumaa na suti yake, akatazama majivu, akaingiza kidole kwenye tundu. Tuliporudi ofisini akatoa zile karatasi, akachora mstari juu ya mbili za kwanza, akanipa niandike sahihi kando yake.

Ya tatu akaishika. "Na hii? Hii nayo panya?"

Ule mkato wa kushoto nilikuwa nimeutazama kuliko yote. Haukuwa na meno. Ulikuwa umenyooka. Nikamwambia hapana, huu si panya.

"Basi huu mmoja ni wake," akasema. "Mmoja si mitatu. Atarudishiwa funguo."

Nikamwomba nibadilishe maneno. Nilikuwa nimeandika uendeshaji bila kuwepo. Akanisukumia karatasi, nikafuta neno lile, nikaandika: sababu haijulikani. Alisoma, akatikisa kichwa, akasema serikalini hakuna ugonjwa unaoitwa haijulikani, lakini akaweka muhuri.

Atupele nilimweleza mwenyewe, mbele ya wenzake, maana na kumchafua nilimchafua mbele yao. Alisikiliza mpaka mwisho. "Yaani mpira wangu ulikuwa unapakwa mafuta ya kukaangia," akasema. "Ungeongeza na chumvi basi, panya wale vizuri." Watu wakaangua kicheko na mimi nikacheka nao. Kicheko kilipoisha akauliza ule wa tatu umeandikwaje. Nikamwambia.

"Andika kwamba sikugonga kitu."

"Sikuwepo, mama. Siwezi kuandika."

"Ulipoandika mabua ulikuwepo?"

Sikuandika. Alirudi Mtowisa wiki ile ile, na alikuta watoto wa boma moja wameshahama, ikamchukua mwezi kuwapata. Huo mwezi nao ni wa panya wangu.

Vijana, mnaotaka ya kufanyia kazi, chukueni haya. Mpira wa ekseli haupakwi kitu. Si alizeti, si dizeli, si mafuta ya injini, si petroli ya kuufanya ung'ae. Maji na sabuni, halafu kitambaa kikavu. Ukiwa umekakamaa kwa baridi, washa mashine, iende pole pole kwa mwendo mfupi, utalegea wenyewe. Usiegeshe karibu na nafaka. Ukipasukiwa njiani na huna mpya, futa mchanga, jaza grisi uliyonayo, viringisha mpira wa tyubu ya baiskeli juu yake ukiukaza vizuri pande zote mbili, urudi nyumbani polepole bila kukata kona kwa nguvu. Atupele alijifunza hilo baadaye na alilitumia mara mbili. Na kabla ya kumwandika dereva, mwulize alipita wapi. Halafu linganisha pande. Mipira miwili ilitoboka kulia, ukutani, na mimi mwenye daftari zuri sikujiuliza kwa nini kulia.

Nilisema nitarudi kwenye nyavu.

Nilipokuwa najiandaa kustaafu nilisoma daftari lote, kurasa za namba mbili, ili nimnakilie fundi mpya, daftari lenyewe nibaki nalo. Nikakuta mstari wa siku moja kabla ya Atupele kukwama mtoni. Nilikuwa nimetoa uzi wa nyavu kwenye ekseli ya nyuma kushoto. Miaka ile nyavu nilizitoa kwa namna mbili. Nikiwa na muda, nilivuta uzi kwa mkono na plaisi, nikiufuata mzunguko kwa mzunguko. Nikiwa na haraka, nilipitisha ncha ya kisu pembeni mwa klipu nikaukata. Kisu kwenye mpira uliopakwa mafuta kinateleza, na mkato wake huwa umenyooka. Nilikwishaacha kisu zamani kabla ya kusoma mstari ule, na ninyi msikishike kabisa. Lakini siku ile sikumbuki. Nimejaribu. Nakumbuka baridi, nakumbuka kwamba Atupele alikuwa anapakia mizani. Mkono wangu ulishika nini, sikumbuki. Na mawe ya ule mteremko nayo yana makali, na mitoni kuna vipande vya waya.

Atupele sasa ndiye mkuu wa kliniki ya mkoba. Ile amri ya mipira mitatu aliibandua siku ya kwanza. Kila Krismasi anakuja kutuona na watoto wake, na kila mara ananiuliza kama utani, "Fundi, umeshajua?" Miaka yote nilimjibu bado. Krismasi iliyopita mke wangu alikuwa ameweka karanga mezani, watoto wamekwenda nje, na aliponiuliza nikamwambia habari ya kisu.

Aliendelea kumenya karanga. Alimenya nyingi bila kula hata moja.

"Kwa hiyo ni wewe," akasema.

"Inawezekana."

"Au si wewe."

"Nalo linawezekana."

"Niliutembeza ule mzigo begani nikijiuliza nimegonga wapi," akasema. "Mpaka leo nikishuka pale nalitazama kila jiwe." Akapangusa mikono. "Lete daftari."

Nililitoa kabatini nikampa. Alitafuta ukurasa mwenyewe, akaweka kidole kwenye mstari, akausoma mara mbili, halafu akanigeuzia nami niusome, kana kwamba sikuwa ndiye niliyeuandika. Unasema: Mashine namba mbili, nyuma kushoto, uzi wa nyavu umetolewa, mpira mzima. Hausemi kama mpira niliushika baada ya kuutoa uzi au kabla, na hausemi kama uzi niliutoa kwa mkono au kwa kisu.